Joto, Mafuriko na Bonde la Kilombero: Lipi la Dunia, Lipi Letu?

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kila mtu analitaja lakini wachache wanalifafanua: mabadiliko ya tabianchi.

Maji yakiingia majumbani Ifakara, kiongozi anasimama na kusema ni tabianchi. Mpunga ukinyauka Mlimba, tabianchi. Samaki wakipungua Malinyi, tabianchi. Kalavati likisombwa na maji, tabianchi, hata kama lile kalavati lilijengwa kwa saruji ya kunusisha. Limekuwa neno la kufungia mjadala. Ukishalitamka, hakuna tena wa kuulizwa, maana huwezi kuiita hewa ije ijieleze kwenye kikao cha kata.

Mie simo kwenye kundi la wanaosema jambo hili ni uzushi wa Wazungu. Ni kweli, limepimwa, na linatuhusu sana sie wa bondeni. Ila nataka tutenganishe mambo. Lipi linatoka kwenye hewa ya dunia nzima, na lipi tumelitengeneza wenyewe hapa hapa? Tusipotenganisha, tutadanganywa pande zote mbili: wakubwa wa dunia watatukwepa, na wakubwa wetu wa nyumbani nao watatukwepa.

Kwanza, gesijoto ni kitu gani?

Shuleni wengi tulifundishwa habari ya nyumba ya kioo, ukakariri, ukajibu mtihani, basi. Hebu tuache kioo. Chukua mwezi wa Juni au Julai pale Ifakara. Usiku wenye nyota, mbingu nyeupe, alfajiri kunakuwa na kibaridi, unatafuta shuka la pili. Usiku wenye mawingu mazito, joto linabaki, unalala ukitoka jasho. Kwa nini? Kwa sababu ardhi iliyopata jua mchana kutwa inaanza kulirudisha joto juu usiku. Mbingu zikiwa wazi, joto linakwenda zake. Kukiwa na mawingu na mvuke mwingi hewani, sehemu ya joto inakamatwa na kurudishwa chini.

Kazi hiyo hiyo inafanywa na gesi ambazo huzioni: hewa ya ukaa, methani, na mvuke wa maji wenyewe. Mwanga wa jua unapita na kushuka bila shida, lakini joto linalotoka ardhini ni mionzi ya aina nyingine, na gesi hizi zinaikamata. Bila gesi hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati wastani halisi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo gesijoto si adui. Bila hizo hakuna mpunga, hakuna kambale, hakuna sisi. Tatizo ni kuongeza blanketi juu ya blanketi.

Na elimu hii si ya jana. Mfaransa Joseph Fourier aliligusia mwaka 1824. Mmarekani Eunice Foote alifanya jaribio lake na kulitangaza 1856, John Tyndall wa Uingereza akapima mwaka 1859, na Msweden Svante Arrhenius akapiga hesabu mwaka 1896 kuonyesha kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Yaani kabla Mjerumani hajamaliza kuitwaa Tanganyika, hesabu ilikuwa tayari iko mezani!

Vipimo vya moja kwa moja vilianza mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, chini ya Charles Keeling. Wakati huo kila chembe milioni za hewa zilikuwa na chembe kama 315 za hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Mwaka 2024 wastani ulishapita 420. Na mwaka huo huo wa 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa ndio mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kama nyuzi 1.55 juu ya hali ya kabla ya viwanda.

Nyuzi moja na nusu, mtu atasema, si kitu, hata chai haipoi kwa tofauti hiyo. Subiri tuingie bondeni.

Masika ya 2024

Mnakumbuka masika yale. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko. Bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa, na chini yetu Rufiji ikageuka bahari. Kabla hata maji hayajakauka, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikaja kugonga pwani.

Sasa swali: ile mvua ilikuwa ya gesijoto?

Fizikia inasema hivi: hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo wingu likija kupasuka, linakuwa na maji mengi zaidi ya kumwaga. Ongeza na Bahari ya Hindi, ambayo imekuwa ikipata joto. Upande wa bahari wa huku kwetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli Afrika Mashariki zinakuwa za kufa mtu. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Ndivyo ilivyokuwa pia 1997, pamoja na El Nino, mvua ambayo wazee bado wanaihadithia.

Lakini kuna kundi la wanasayansi wa kimataifa, World Weather Attribution, waliochunguza mvua za Machi mpaka Mei 2024 kwa Kenya na sehemu ya Tanzania. Jibu lao: ongezeko la joto la dunia liliifanya mvua kubwa ya kipindi kile kuwa kali zaidi kwa karibu asilimia 5, tena wakatahadharisha kwamba hesabu yenyewe haina uhakika mkubwa. Si Kilombero peke yake walioichunguza, na namba hiyo si ya kukatia shauri. Ila inatupa picha ya kufikiria.

Asilimia 5 ni kidogo au nyingi? Inategemea ndoo yako imejaa kiasi gani. Ndoo iliyofika nusu, kikombe kimoja hakileti neno. Ndoo iliyofika ukingoni, kikombe hicho hicho kinalowesha sakafu yote. Na swali la nani aliijaza ndoo mpaka ukingoni, hilo ni la kwetu. Nani alikata miti kwenye miinuko inayotazama bonde? Nani alilima mpaka kwenye mdomo wa mto, udongo ukaporomoka na kuinua kitanda cha mto? Nani aligawa viwanja kwenye njia ya maji ya Mto Lumemo, na nani alivinunua huku akijua?

Mto Lumemo haujaanza leo kutanuka. Bonde lenyewe liliumbwa kwa mafuriko. Wandamba wameishi na maji haya tangu enzi na enzi, na mpaka leo wakulima wengi msimu wa mpunga huhamia mashambani kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Watu hawakujenga madungu kwa urembo. Walijua maji yana haki yake ya kupita. Sisi wa leo tumejenga tofali chini kabisa, tukaziba mkondo, halafu tunashangaa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mvua imeongezewa nguvu na dunia, maafa yameongezewa nguvu na sisi. Ukisikia mtu anakuambia nusu moja tu ya maneno haya, jua ana kitu anaficha.

Mpunga wetu: mlalamikaji na mtuhumiwa

Kuna jambo wengi hawalipendi, lakini tulitazame. Shamba la mpunga lililojaa maji linatoa methani. Maji yakifunika udongo, oksijeni haifiki chini, na vijidudu vya humo vinavyooza majani na mizizi vinatoa gesi hiyo. Kinamasi cha asili nacho kinafanya vivyo hivyo, na duniani kote vinamasi ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya asili vya methani. Ng'ombe naye anaicheua. Na methani si mchezo: kwa kipindi cha miaka 100, tani moja inashika joto kama mara 28 kuliko tani ya hewa ya ukaa. Afadhali yake ni kwamba haikai sana hewani, kama miaka 12 hivi imeshavunjika, wakati hewa ya ukaa inabaki kwa mamia ya miaka.

Je, ina maana mkulima wa Mang'ula au Mngeta ndiye anayeichoma dunia? Hapana, jamani. Tuwe na vipimo. Mtanzania wa kawaida kwa mwaka anatoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani anatoa kama tani 14. Ukijumlisha yote yaliyotolewa tangu viwanda vianze, Marekani peke yake ina karibu robo ya deni lote, na Afrika nzima, nchi zote na watu wote, ina kama asilimia 3. Mkulima wa ekari mbili za Supa hawezi kusimamishwa kizimba kimoja na hao.

Ila joto linamrudia yeye kwanza. Mpunga ukiwa kwenye kuchanua, joto la mchana likipita nyuzi 35 hivi, maua yanashindwa kushika na unavuna mapepe. Na usiku nao una neno. Kumbukeni mfano wa mawingu: blanketi likiongezeka, usiku ndio unaokosa kupoa. Mpunga usiku unatumia akiba yake kupumua, na usiku ukiwa wa moto unaimaliza akiba ambayo ingekwenda kwenye punje. Utafiti uliofanyika Ufilipino na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la usiku wakati wa kiangazi ilipunguza mavuno kwa asilimia 10 hivi. Ufilipino si Ifakara, lakini mpunga ni mpunga.

Wataalamu wanatuambia suluhisho ni kilimo shadidi: panda mche mmoja mmoja kwa nafasi, lowesha, acha shamba likauke kidogo, lowesha tena. Kukausha kwa vipindi kunapunguza methani sana, pengine mpaka karibu nusu, na kunaokoa maji. Nakubali kabisa. Lakini hebu tuwe wakweli: unakaushaje shamba ambalo halina mfereji wala lango? Sehemu kubwa ya mpunga wa bonde hili unategemea mvua na maji ya mto yanayojileta yenyewe. Maji yanakuja yakitaka, yanaondoka yakitaka. Kumwambia mkulima huyo "kausha shamba siku kadhaa" ni kama kumwambia abiria wa daladala apunguze mwendo. Usukani hana! Kwanza mpe skimu ya umwagiliaji, kisha mhubirie methani. Wataalamu tunao hapa hapa: kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, zamani KATRIN na sasa TARI, ndicho kilichotuletea mambo mengi ya mpunga. Kinachokosekana ni lango la maji, na lango ni pesa.

Viumbe wasio na pa kukimbilia

Tukitoka kwenye mpunga, tuangalie wenzetu wasiopiga kura.

Upande mmoja wa bonde kuna Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Milima ile ina viumbe ambao huwapati kwingine popote duniani. Kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, na kuna nyani wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Sasa fanya hesabu. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Maana yake dunia ikiongezeka joto nyuzi moja, kiumbe anayetaka kubaki kwenye hali ya hewa aliyoizoea anatakiwa kuhamia juu mita 150 mpaka 170. Ikiongezeka tena, anapanda tena. Udzungwa inaishia juu kidogo ya mita 2,500. Ukifika kileleni, huna ngazi nyingine. Na ukitaka kuhamia mlima wa jirani, katikati kuna mashamba ya miwa, reli, barabara na nyumba.

Mnamkumbuka chura wa Kihansi? Kiumbe wa sentimita mbili hivi, aliyegunduliwa 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, akiishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na marashi ya maporomoko. Likajengwa bwawa la umeme, megawati 180, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, marashi yakakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu ulionekana kwa vyura hao. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, wakazalishwa huko, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu mbili. Moja, kinaonyesha namna kiumbe anavyoweza kufungwa kwenye hali ya hewa ya sehemu ndogo kama chumba, na mlango ukifungwa, basi. Mbili, kinauma kwa sababu umeme wa maji ndio tunaousifu kuwa hauchafui hewa. Unaweza kupunguza moshi wa dunia na bado ukaua kiumbe wa nyumbani. Hakuna cha bure.

Halafu kuna sheshe, yule swala wa majini wa bonde letu. Maandiko ya miaka ya 1990 yalikadiria kwamba kama robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa Kilombero. Leo idadi imeporomoka vibaya. Hapa gesijoto haihusiki kabisa. Ni mashamba, mifugo mingi na ujangili. Mtu akikuambia sheshe wamemalizwa na tabianchi, mwambie aache longolongo.

Malaria nayo?

Hili nalo hupotoshwa. Ifakara tuna taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana dunia nzima, na kazi yake kubwa imekuwa malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijiji kama Namawala mtu alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku! Vyandarua vikaja, mambo yakabadilika sana. Leo mbu anayetusumbua zaidi bondeni ni Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani.

Je, joto likiongezeka malaria Ifakara itaongezeka? Si lazima. Vimelea hukua ndani ya mbu kwa kasi zaidi joto likipanda, lakini hali inayowafaa kuliko zote ni kama nyuzi 25, na likizidi sana, juu ya nyuzi 33 au 34, mbu wenyewe wanakufa mapema. Sisi tayari tuko kwenye joto. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi zaidi ni ndugu zetu wa juu, Mufindi na Njombe, ambako zamani baridi ndiyo iliyokuwa chandarua. Kwetu hatari kubwa ni maji: mafuriko yanayoacha madimbwi yanayodumu, na watu waliohamia madunguni bila chandarua cha kutosha.

Bwawa, pori, na nani anaambiwa aondoke

Sasa tufike penye moto.

Mto Kilombero unachangia zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Mto Rufiji. Na kule Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa 2024 na mitambo yote tisa ikakamilika 2025. Maana yake taa za Dar, Mwanza na Arusha sasa zinategemea kinamasi chetu. Bonde hili linafanya kazi kama sponji: linanyonya maji ya masika na kuyaachia polepole kiangazi. Sponji ikikatwakatwa, bwawa litapata maji mengi ya ghafla yakiwa na tope, kisha ukame. Na mvua zikizidi kuja kwa vishindo, kama fizikia inavyotabiri, sponji ndiyo inahitajika zaidi. Kwa hiyo hoja ya kulilinda bonde ni ya kweli. Tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, eneo la kilometa za mraba karibu 8,000.

Tatizo langu ni jinsi tunavyolinda. Tazameni mtiririko. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu 1993, na mwaka 2006 nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Lawama kubwa ikawaangukia wafugaji wa Ihefu na Usangu, wakahamishwa. Wengi wakaswaga ng'ombe wao wakaingia kwingine, Kilombero ikiwemo. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuwatoa Kilombero. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, na mipaka ikawa chungu kwa vijiji vingi vilivyokuwa vinalima mle. Kila mara hoja ni maji, mazingira, na siku hizi tabianchi. Na kila mara anayeondoka ni mwenye jembe au fimbo.

Sisemi kila mtu aachwe alime atakako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi naiunga mkono. Ninachouliza ni hiki: ukimwondoa mtu Ihefu bila kumwonyesha pa kwenda, umetatua tatizo au umelipandisha lori na kulileta Malinyi? Mgogoro uliohamishwa haujaisha.

Pia kuna hii biashara ya kaboni. Kampuni ya Green Resources yenye asili ya Norway imepanda misonobari na mikaratusi Uchindile, na miti inayokua inanyonya hewa ya ukaa, ambayo inauzwa kama hati kwa wachafuzi wa nje. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, kwa hiyo wageni wengi zaidi watakuja vijijini na makaratasi. Si dhambi. Lakini vijana mliosoma, someni mikataba hiyo kabla mwenyekiti wa kijiji hajaweka dole gumba. Miaka mingapi? Ardhi inarudi lini? Mto utabaki na maji? Msitu wa asili una thamani kuliko mistari ya misonobari, na anayeutunza analipwa nini?

Tudai nini?

Nje, tudai deni. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia. Mwaka 2024 kule Baku nchi tajiri ziliahidi kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Ahadi ni maneno. Lakini wabunge wetu wanapaswa kuulizwa: kati ya hizo, skimu ya umwagiliaji ya Kilombero itapata ngapi?

Ndani, tudai mambo ambayo hayahitaji mzungu wala mkutano wa kimataifa. Ramani ya mafuriko ya Ifakara ibandikwe ofisini kila mtu aione, na kiwanja kilicho kwenye njia ya maji kisiuzwe. Utabiri wa TMA ufike kwenye dungu, kwa redio na ujumbe wa simu, siku kadhaa kabla, kwa lugha ya mkulima. Misitu nayo: makadirio ya Serikali yenyewe ya mwaka 2018 yalisema nchi inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Basi bei ya gesi ya kupikia ifanane na mfuko wa mama lishe wa Kibaoni, la sivyo mkaa utaendelea kushuka kutoka milimani kila siku.

Na sisi wenyewe? Tuache kulima kwenye mdomo wa mto. Hilo halina cha Marekani wala cha Serikali. Mto ukijaa tope, hauulizi kadi yako ya chama.

Kwa hiyo siku nyingine mkubwa akisimama jukwaani na kusema "haya ni mabadiliko ya tabianchi", mpigieni makofi, ni kweli. Kisha mtu mmoja anyooshe mkono amuulize: sawa mheshimiwa, hiyo ni asilimia ngapi, na iliyobaki ni ya nani?

Haya wadau, hasa mlioko Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, uwanja ni wenu. Lumemo umefika wapi mwaka huu? Mipaka ya pori imekaaje kijijini kwenu? Andikeni mliyoyaona kwa macho, matusi yaachwe nje.